Palipokuwa na Maji

Utingo anaita: Darajani, Darajani, Darajani. Wanashuka wanafunzi, wanashuka kina mama wenye vikapu vya sokoni, nashuka nami. Tunakatisha barabara kwa miguu mikavu, kila mtu anashika njia yake. Hakuna anayetafuta daraja. Nimeishi Unguja miaka 11, nafundisha jiografia, na bado ilinichukua muda mrefu kujiuliza: daraja lipi, na lilivusha watu juu ya nini?

Swali hilo lilinijia mwaka 2019, wiki ya tatu baada ya kumzika baba yangu. Alifariki kwetu Tarime, kando ya Mto Mara. Nilikuwa nimerudi kazini nikiwa na usingizi mdogo na chakula kisichopita kooni, na asubuhi hiyo neno la utingo lilininasa kama mwiba unavyonasa nguo. Baba alikuwa mtu wa kuvusha watu. Nikasimama pembeni ya soko, watu wakinipita kulia na kushoto, nikitazama lami kana kwamba ingepasuka na kunionyesha maji.

Kwetu mto ndio mpaka. Kaskazini ni Tarime, kusini ni Serengeti: unaanzia kwa Wangoreme, ukizidi kwenda unafika Mugumu. Maji yenyewe yanatoka mbali. Yanachuruzika kwenye kinamasi cha Enapuiyapui katika misitu ya Mau, Kenya, yanashuka kwa mito miwili, Nyangores na Amala, ambayo ikikutana ndiyo inaitwa Mara. Yanapita Masai Mara, yanaingia Tanzania, yanapita Kogatende ndani ya hifadhi, mahali ambapo wageni kutoka dunia nzima hukaa kwenye magari wakisubiri nyumbu wajitose. Mto ukishatoka hifadhini ndipo unakuwa wetu. Unapita chini ya Nyamongo, unatanuka kuwa bonde la mafunjo na matete, unapita chini ya daraja la Kirumi na kumwagika Ziwa Victoria. Safari nzima ni karibu kilomita 400. Kuhusu nyumbu wanavyovuka kuna filamu nyingi. Kuhusu watu wanavyovuka, au walivyokuwa wakivuka, sijawahi kuona hata moja.

Kivuko cha baba hakikuwa na jina kwenye ramani. Kilikuwa mahali ambapo mto unajitandaza juu ya mwamba, chini kidogo ya mkuyu mkubwa, na watu waliokuwa wakipeleka ng'ombe mnadani, au waliokwenda kuposa, au waliokwenda msibani, walipitia pale ili wasizunguke hadi barabara kuu. Baba hakuajiriwa na mtu. Baba yake alivusha watu, naye akaendelea. Waliopenda walimwachia kitu kidogo, mtama au tumbaku au shilingi chache, na wasiokuwa nacho walivuka vilevile.

Kazi yake yote aliisoma kwenye jiwe moja. Lilikuwa jiwe jeusi katikati ya mto, limejikunja kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Kwenye nundu ya ng'ombe huyo palikuwa na ufa mweupe, mwembamba kama uzi. Maji yakiwa chini ya ufa, mtoto anavuka akishikwa mkono. Maji yakigusa ufa, wanaume peke yao, na ng'ombe. Maji yakifunika nundu, hakuna kuvuka. Hata mtu awe na haraka ya namna gani, hata awe na maiti inamsubiri ng'ambo ya pili, baba alimwambia maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya chini: "Mura, jiwe halionekani. Kaa." Na mtu alikaa, chini ya mkuyu, saa mbili, au mpaka kesho yake.

Nilipokuwa mdogo nilishangaa zaidi siku za jua. Mbingu ni nyeupe, vumbi linatimka, kwetu hakujanyesha mwezi mzima, na baba anachuchumaa ukingoni na kukataza watu wasivuke. Alinionyesha povu la kahawia limeshika majani ya ukingoni, kijiti kimoja kimoja kinashuka, halafu vijiti vitatu, halafu tawi zima. Maji yalikuwa yakibadilika rangi kutoka chai ya maziwa kwenda udongo wa tofali. "Imenyesha kwa watu," alikuwa akisema. Kwa watu ni kule Mau, kwa watu ambao hatujawahi kuwaona, na mvua yao ilitufikia sisi siku kadhaa baadaye bila wingu. Nimesoma vitabu vya jiografia chuoni na sijapata maelezo ya bonde la mto yaliyokaa vizuri kama yale: kwamba unaweza kuuawa na mvua ya watu wengine huku kwako jua linawaka.

Kuvuka kwenyewe kulikuwa na ufundi wake. Kwanza yalirushwa mawe majini, na fimbo zikapigwa juu ya maji, kwa ajili ya mamba. Kisha ng'ombe walitangulia, dume aliyezoea akiwa mbele, na mtu asiyejua mto alishika mkia wa ng'ombe. Nakumbuka mkia ule ulivyo mkononi, umelowa, mgumu, na nywele za ncha zimejaa mchanga. Nakumbuka mkono wa baba umeshika mkono wangu juu ya kiwiko. Hakushika kiganja, alisema kiganja kikilowa kinateleza. Mpaka leo, nikimvusha mtoto barabara pale Darajani, namshika juu ya kiwiko.

Serikali nayo inaupima mto huu, mahali panapoitwa Mara Mines, jina lililoachwa na wachimba dhahabu wa zama za wakoloni. Kuna ubao uliochorwa tarakimu umesimikwa majini, na mtu wa kusoma kina na kuandika daftarini. Baba alipelekwa kuuona siku moja. Aliutazama kwa muda, akasema, "Huyu naye anasoma jiwe." Aliporudi aliniuliza kama daftari lile linatunzwa vizuri.

Baadaye likaja daraja la zege kwenye barabara ya Nyamongo kwenda Mugumu. Malori, mabasi, bodaboda zenye abiria watatu, wote wanapita juu kwa dakika moja bila kutazama chini. Baba alifurahi. Nataka hilo lieleweke, maana watu huniuliza kwa huruma kama daraja lilimuumiza. Alikuwa ameona watu wakichukuliwa na maji. Alijua idadi yao na majina yao, na siku ya kufika kwetu akiwa amekaa nyuma ya bodaboda, amevuka bila kulowa, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Njia ya kivukoni ilijifunga yenyewe. Mvua mbili tu, majani yakawa kifuani.

Basi siku ile Darajani nikaenda kwa wazee wanaokunywa kahawa barazani, si mbali na soko. Mmoja nilimfahamu kwa salamu. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba na kikombe, nikamuuliza.

"Pote pale palikuwa maji, Maalim," akasema, na mkono wake ukachora mstari kutoka upande wa Funguni hadi upande wa Mnazi Mmoja.

Hori lile liliitwa Pwani Ndogo. Lilikuwa mkono wa bahari, ukiingilia kaskazini, Funguni, na kushuka nyuma ya mji mpaka karibu ukutane na bahari ya upande wa pili. Mji Mkongwe ulikuwa rasi iliyoshikwa na shingo nyembamba ya ardhi pale Mnazi Mmoja. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, bahari ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 kati ya maji kujaa na kupwa, na hapo mji ulikuwa kisiwa juu ya kisiwa. Siku za maji mafu hori lilikuwa dimbwi lililolala. Mara mbili kwa siku liliingia na mara mbili likatoka, kwa saa zinazojulikana. Nilimwonea wivu mzee yule. Mto wetu hautoi ahadi ya namna hiyo.

Upande wa pili wa maji uliitwa Ng'ambo. Jina ni hilohilo mpaka sasa: Mji Mkongwe huku, Ng'ambo kule, na katikati lami, soko, maduka ya simu. Wakoloni wa Kiingereza waliupenda mstari ule wa maji kwa sababu uliwarahisishia kugawa watu, nyumba za mawe upande mmoja na za udongo na makuti upande mwingine. Walipoanza kulifukia hori, kwanza kusini kwenye Mnazi Mmoja mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kipande cha kaskazini kati ya miaka ya 1930 na 1950, mahali pa maji pakawa viwanja vya michezo na barabara. Mgawanyo ukabaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yakaja maghorofa ya Michenzani, na Ng'ambo ikapata sura nyingine, lakini mtu akiishi kule bado husemwa anaishi Ng'ambo, kana kwamba jioni atahitaji mtumbwi.

Matangani tuna kawaida ya kumsifu marehemu kupita alivyokuwa, na nilihisi ulimi wangu unaanza kulifanyia hori lile jambo hilohilo. Mzee akanikatiza. Alikuwa mtoto miaka ya mwanzo ya 1950, na alikikuta kipande cha mwisho. "Tukitega kaa. Maji yakijaa tunaogelea, raha. Yakipwa, usiseme! Tope na uvundo, mpaka unafunga dirisha." Uvundo huo ni wa siku nyingi. Livingstone alipofika hapa mwaka 1866 aliulalamikia, na miaka michache baadaye, 1869 hadi 1870, kipindupindu kiliua maelfu ya watu mjini humu. Waliotaka maji yale yaondoke hawakuwa wote watu wabaya. Wengine walikuwa mama waliozika watoto.

Hata hivyo mzee alikuwa na majonzi, na nilidhani ni ya utoto wake. Akasema hapana. "Tulikuwa wengi tulioliona. Sasa nikisema palikuwa na daraja, vijana wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mwenzangu niliyetega naye kaa amefariki mwaka jana. Nimebaki na nani wa kumwambia 'unakumbuka?'"

Akainuka. Akatembea polepole na bakora yake mpaka ukingo wa barabara, akavuka kidogo, bodaboda zikimpigia honi, akasimama kati ya mkokoteni wa machungwa na mwanya wa mtaro. Akaukanyaga mguu wake chini kwa nguvu, mara moja. "Hapa. Daraja lilikanyaga hapa." Alipoutoa nikaweka wangu. Chini ya kiatu changu palikuwa na ganda la chungwa na joto la lami, basi.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba kitu hupotea mara mbili. Mara ya kwanza kinapoondoka chenyewe, na hiyo tunaililia wote kwa pamoja, tunapika, tunalala chini, tunahesabu siku za matanga. Mara ya pili ni pale anapoondoka mtu wa mwisho anayeweza kwenda akakanyaga na kusema hapa. Hiyo haina matanga. Inapita siku ya kawaida, katikati ya wiki, na hakuna anayejua kwamba imepita. Nilipomzika baba niliingia kaburini kwa jembe, nikamfukia, nikalia kilio changu. Sikujua kwamba siku hiyohiyo nilikuwa namfukia mtu wa mwisho aliyejua lile jiwe.

Huko kwetu si vitu vya kale peke yake vinavyoondoka. Ripoti ya kikosi kazi cha Kenya ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba karibu robo ya misitu ya Mau, zaidi ya hekta 100,000, ilikuwa imepotea, na sehemu kubwa iligawiwa kwa maandishi ya serikali. Msitu ndio uliokuwa unayashika maji na kuyaachia kidogokidogo. Ukiuondoa, mto unajifunza tabia mpya: mafuriko yanakuja kwa ghafla, kiangazi kinakausha hadi mwamba. Baba hakusoma ripoti yoyote. Miaka yake ya mwisho alisema tu, "Mto umeanza kusema uongo," kwa kuwa vijiti vitatu na tawi zima vilianza kufika kwa pamoja.

Machi 2022 dada yangu alinipigia simu. Hakusalimia. Alisema samaki wanaelea, maji yamekuwa meusi, yananuka, upande wa chini kuelekea Kirumi. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo mingi iliyokusanyika bondeni pamoja na mimea iliyooza, vikasombwa na mvua na kumaliza hewa ndani ya maji. Wananchi wengi hawakuridhika, na maneno yakawa mengi. Mimi si mkemia. Ninachokumbuka ni sauti ya dada: "Baba angekuwepo angejua." Nilimjibu kwamba hata baba asingejua hilo, akanyamaza muda mrefu, nikatambua nimemnyang'anya kitu.

Na kuna shangazi yangu. Aliolewa chini, kwenye vijiji vya ukingo wa bonde la mafunjo. Ziwa Victoria halijai na kupwa kwa mwezi kama bahari, lakini lina bamvua lake la miaka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2 na kwa miaka mingi halikurudi lilikokuwa. Mwaka 2006 lilishuka sana mpaka watu wakatembea palipokuwa na mitumbwi. Mwaka 2020 likapanda tena hadi kufikia kile kiwango cha miaka ya 1960. Ziwa likipanda, mto unakosa pa kwenda, maji yanarudi nyuma bondeni, na mafunjo yanapanda juu ya mashamba. Shangazi alikuwa na shamba la mtama na muhogo alilopewa na mama mkwe wake. Leo ni kinamasi. Anakaa mlangoni na kuonyesha kwa mdomo, kama wanavyoonyesha wazee: pale mti wa mwembe, pale kichuguu, pale kaburi la mtoto wangu wa pili. Ukifuata mdomo wake unaona mafunjo yakiyumba na ndege wekundu, na kambare akiruka.

Mzee wa Unguja amepoteza maji chini ya udongo. Shangazi amepoteza udongo chini ya maji. Niliwahi kuwaza niwakutanishe, nikajiuliza wangesema nini. Nadhani wangeulizana habari za miguu na macho, na ng'ombe, na watoto, na kisha mmoja wao angeanza: pale palikuwa na.

Desemba 2023 nikampeleka mwanangu. Alikuwa na miaka 9, amezaliwa Unguja, anaijua bahari na ratiba zake, anaogelea kuliko nilivyowahi mimi. Nilitaka kumwonyesha kivuko cha babu yake. Mvua za vuli zilikuwa kubwa mwaka ule kote Afrika Mashariki. Binamu yangu alituongoza na panga, akikata majani, na hata yeye aligeuka mara mbili kuuliza kama ni huku.

Mkuyu tuliupata. Mizizi yake upande wa mtoni ilikuwa inaning'inia hewani, ukingo umeliwa. Mto ulikuwa mwekundu, mpana kuliko nilivyoukumbuka, unakwenda kwa sauti ya chini bila povu. Nilitafuta jiwe. Nilisimama mahali nilipoamini baba alikuwa akichuchumaa, nikasogea hatua tano kushoto, nikasogea kumi kulia. Nilitafuta mkunjo juu ya maji, ule unaoonyesha kwamba chini kuna kitu. Kila mahali palikuwa na mikunjo.

"Ni hapa, Baba?" mwanangu akauliza.

Nilinyoosha kidole. Kidole kilikwenda katikati ya mto, kikatembea juu na chini, nikakirudisha.

"Liko wapi jiwe lenyewe? Mbona silioni?"

"Halionekani," nikamwambia.

Binamu yangu alikuwa amefika kwetu akiwa kijana, alimjua baba, alivushwa naye. Aliposikia neno hilo alilaza panga lake kwenye majani, akajifuta jasho kwa kiganja, akakaa chini ya mkuyu bila kusema kitu. Nami nikamshika mwanangu juu ya kiwiko, tukakaa.